Nyota nne kwa duka la sufu la Malindi, moja nimeikata kwa sababu ya sindano

Kwanza mjue mimi si mtu wa kufuma, mimi ni mtu wa kofia. Hapa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, nimeshona kofia tangu niko chuo cha Kurani kwa mwalimu, sindano ninayoijua ni ile nyembamba ya kutobolea viua, na mkinikuta barazani baada ya alasiri mtaniona na kitambaa cheupe mapajani kama wenzangu wote. Kwa hivo siku nilipoonekana na misindano miwili mirefu kama mishikaki na bonge la uzi limelala kando ya miguu, baraza nzima ilinyamaza, alafu mmoja akasema "huyu sasa ashakuwa nyanya wa bara". Nimeyala matani wiki tatu. Skafu imekwisha, iko Limuru, na sasa naandika hii kuhusu duka nililonunua uzi maana watu wawili washaniuliza kwa simu na sitaki kurudia maneno.

Hadithi yenyewe fupi. Binti yangu anasoma kule Limuru, mwezi wa sita ulipoingia akaanza kutuma vilio vya sauti usiku, baba huku ukitoa mkono nje ya blanketi unaumwa na mifupa, na kule ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari kwa hivo si uongo, sisi hapa kusi ikivuma tunajifunga shuka asubuhi tukadhani tumeonja baridi. Koti la mtumba nilimtumia. Akataka skafu, tena akataka ya kufumwa kwa mkono, nzito, sio mtandio. Tulikuwa na mpangaji wetu, mwalimu mama wa bara, alinifundisha kufuma zamani kidogo kwa kupoteza wakati stima zikipotea, pleni na pali basi, yaani kitanzi cha kawaida na kitanzi cha kinyume, na mtindo mmoja wa ribu, ufumaji wa mifereji, ambao nitawaeleza hapo mbele kwa sababu ndio uliofanya nijue duka lipi ni duka na lipi ni stoo tu.

Uzi wa kwanza niliagiza kwa simu kutoka kwa muuzaji mmoja wa Nairobi, simtaji. Picha nzuri kweli. Ulipofika ni wa bluu iliyokoza karibu na nyeusi na una manyoya kama paka aliyelowa, nikafuma kipande cha kama shibiri moja, nikakigeuza, nikakisogeza kwa taa, sioni kitu. Mistari yote imezama. Nikadhani nimekosea mimi, nikafumua, nikafuma tena, yale yale.

Basi nikawa na safari ya Malindi kumwangalia shangazi, nikatia kile kipande mfukoni. Motaboti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kabla ya jua, basi la kwanza, vizuizi vya njiani nyote mwavijua, tukaingia Malindi saa saba kasoro. Nimeelekezwa duka na mkwe wa shangazi: liko uchochoroni nyuma ya soko, upande mmoja fundi cherehani upande wa pili muuza vitenge, mlango wa buluu. Nafika, limefungwa. Jirani akasema mama ashaenda kula na kuswalisha wajukuu, atarudi saa tisa. Saa tisa! Hii ni lawama ya kwanza, mwenye duka akisoma asikasirike, lakini mama, basi za Lamu zinashusha watu wakati ule ule wewe unapofunga, bandika basi karatasi mlangoni mtu ajue.

Akafungua saa tisa na robo. Ndani ni kachumba kadogo, ukisimama watatu wa nne asubiri nje, rafu hadi darini, na zaidi ya nusu ni rangi za shule tu, damu ya mzee, kijani ya chupa, bluu ya mawingu, kwa sababu mkate wake mkubwa ni masweta ya wanafunzi na viatu vya watoto wachanga. Mkiingia msishike mabonge. Ana fimbo. Nasema kweli, ana kijifimbo cha kuangushia mabonge ya juu na ukinyoosha mkono anakigonga mezani.

"Karibu ustadh." Ameona kofia.

"Starehe mama. Nataka sufu."

"Ya kufanya nini?"

"Skafu."

"Ya nani, na anakaa wapi?"

Nikamwambia. Aliposikia Limuru akacheka akasema huyo mtoto wa pwani atarudi amekuwa barafu, alafu swali ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: "unafuma kwa mtindo gani?" Nikatoa kile kipande changu cha aibu. Akakivuta, akakiachilia, akatoka nacho hadi mlangoni penye mwanga, akakiweka karibu na jicho. Akarudi akasema, "Ustadh, mkono wako hauna shida. Uzi umemeza kazi yako."

Sasa hapa ndio wacha nieleze mtindo wenyewe, maana bila huo hamtaelewa kwa nini sentensi ile ilinifanya nikae chini kwenye kigoda.

Ribu ya kawaida ni ile ya mkononi mwa sweta, pleni mbili pali mbili, ukirudi unafuata ilivyo, pleni juu ya pleni na pali juu ya pali. Pleni inajitokeza mbele, pali inarudi ndani, unapata mifereji. Imesimama kama bati la paa. Ni nzuri, inavutika, lakini kwa skafu mi naiona kavu. Hii nyingine niliyofundishwa Wazungu wanaiita ribu ya makosa, na jina limepatia, kwa sababu ni ile ile pleni mbili pali mbili lakini hesabu ya vitanzi imepinda kwa makusudi. Unaweka vitanzi vinavyogawanyika kwa nne alafu unaongeza vitatu. Mimi niliweka 39. Kila mstari, kwenda na kurudi, ni maneno yale yale: pleni mbili, pali mbili, mpaka vibaki vitatu, hapo pleni mbili na pali moja. Umemaliza, geuza, anza upya. Hakuna mstari wa pili wa kukariri.

Kwa kuwa kuna kile kimoja kilichopungua, kila ukigeuka unajikuta umesogea kitanzi kimoja, pleni zako hazikai zote juu ya zile za nyuma. Matokeo yake ni nguzo moja nyembamba ya pleni imesimama wima, kando yake chembechembe, kisha bonde jembamba, kisha chembechembe tena. Ukitazama ni kama boriti za dari ya nyumba zetu hizi za mawe, boriti, kivuli, boriti, kivuli, na katikati ile chokaa iliyoparuza. Na pande zote mbili zinafanana, hakuna nyuma hakuna mbele, tena haijikunji pembeni. Skafu ikipepea shingoni mtu haoni upande wa aibu. Nami mtu wa kofia nalipenda hilo, maana kofia nzuri pia wazee huigeuza ndani kwanza kabla ya kuuliza bei.

Na ina kengele yake. Kila mstari lazima uanze na pleni mbili na uishe na pali moja. Ukifika mwisho ukajikuta una pali mbili au huna hata moja, ushaangusha kitanzi au umeongeza, rudi ukatafute hapo hapo usisubiri kesho.

Lakini yote hayo ni kivuli. Urembo wa mtindo huu hauna rangi wala ua, ni mabonde na miinuko basi, na kivuli hakionekani juu ya kiza wala ndani ya manyoya. Ndio maana ya "uzi umemeza kazi yako". Mama akachukua nyuzi mbili akazisokota vidoleni mbele yangu, mmoja wa manyoya, mmoja laini uliosokotwa ukakaza, akanionyesha ule wa pili unavyoshika mstari. Akaniambia chukua rangi nyepesi, isiyo na michanganyiko. Nikachukua rangi ya chai ya maziwa, nikaona inafaa kwa Limuru.

Nikajifanya mjuzi nikauliza hii ni sufu ya kondoo kweli? Akanigeuzia lebo, asilimia 100 akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani. Sisi tunasema sufu kwa mazoea tu. Alikuwa na mabonge mawili ya kondoo hasa juu kabisa, bei karibu mara tano, na hakuyashusha. Akasema kondoo ana joto zaidi na akivutika anarudi, lakini mwanafunzi ataitia karai moja na jinzi, maji moto, asugue, itoke imejikaza kama zulia la kuswalia mwanasesere. Akriliki itavumilia. Angeweza kuniuzia ya bei, mfuko wangu ulikuwa wazi siku ile na yeye aliuona. Hakufanya hivo.

Kwenye sindano ndio nilichekwa. "Namba ngapi?" Nikasema 10, nikidhani kubwa ndio nene. Kumbe sindano zake ni za namba za kizamani za Kiingereza, namba ikipanda sindano inakonda, namba 8 ni milimita 4, namba 6 ni milimita 5, hiyo 10 yangu ingekuwa kama njiti ya kibiriti na skafu ingesimama yenyewe kama ubao. Akanipa namba 6. Mkienda bila kujua muulizeni milimita, anazijua zote kwa kichwa.

Akasema chukua mabonge matano ya gramu 50, likibaki zima lirudishe na lebo yake nitakupa pesa. Mimi nikaona huyu sasa ameanza biashara. Nikachukua matatu. Bonge 120, sindano jozi 200, jumla 560, hana mashine ya risiti, anaandika kwenye daftari la mraba na wewe unapiga picha ukitaka. Bei hazijaandikwa popote, kila kitu uulize, hiyo pia naipunguzia kidogo.

Sasa sindano. Jamani. Ni za plastiki ya kijivu, na mama alisema mwenyewe namba 6 za aluminiamu zimekwisha, lakini hakusema hizi zina mshono wa kiwandani unaotokeza ncha kama kucha iliyovunjika. Kila kitanzi cha tatu kinanaswa. Uzi ukaanza kupasuka nyuzi nyuzi. Nikaenda hadi kwa fundi wa majahazi akanipa kipande cha msasa mwembamba, nikasugua ncha zote mbili nusu saa, zikatulia, lakini kazi ilipofika nusu na uzito ukaongezeka moja ikaanza kupinda kama upinde. Jasho nalo, mchana haifumiki kabisa, akriliki inagandana na kidole, nikawa nafuma baada ya isha juu darini kwenye upepo, poda ya mtoto pembeni. Shilingi 200 si pesa nyingi lakini hizo sindano si za kuuziwa mtu anayetoka Lamu, huyo harudi kesho kubadilisha. Nyota moja imeondoka hapo.

Uzi wenyewe naupa sawa, sio zaidi. Bonge la pili lilikuwa na fundo katikati, la kiwandani, nyuzi mbili zimeunganishwa hivi hivi. Kwa sweta si kitu, unalisukumia ndani. Kwa mtindo usio na ndani unalificha wapi? Ilibidi nifumue hadi ukingoni, nikate, niungie pale pembeni niishonee mkia mle kwenye ukingo kwa sindano yangu ya kofia, na kila ukifanya hivo unatupa uzi. Siku moja punda wa maji naye akapita juu ya bonge kichochoroni, nikakata tena kama dhiraa mbili. Kwa hivo pale mabonge matatu yalipokuwa yanaelekea kwisha, nilikuwa nimefika kama sentimita 125, na mtoto anataka ya kuzungusha mara mbili. Uzi uliobaki ni nusu bonge.

Nikampigia mama kwa unyenyekevu. Hakunicheka, ila alinyamaza kidogo kwenye simu na mimi nikasikia ile kimya inasema matano. Akaniambia nimsomee namba ya loti kwenye lebo, yaani ya fungu lililotiwa rangi pamoja, sio namba ya rangi, ile ya chini yake. Nikasoma. Akaenda rafuni, nasikia fimbo, akarudi: "Loti hiyo imekwisha. Ninayo rangi hiyo hiyo ya loti nyingine, imekoza kidogo, ukiwa mbali huoni, ukiunga ghafla utaona mstari. Nikutumie au nikuache?" Nikauliza sasa nifanyeje. Hapa ndio nyota zake nne zilipo, wallahi. Akasema usisubiri bonge lako liishe. Fuma mistari miwili kwa uzi wa zamani, miwili kwa mpya, miwili miwili hivo hivo bila kukata, unaubeba ule mwingine pembeni, mpaka wa zamani uishe, alafu endelea na mpya peke yake. Jicho halitapata mahali pa kushika. Na kwa mtindo wako wa chembechembe, akasema, itajificha zaidi kuliko kwenye kitambaa laini.

Nikalipa kwa M-Pesa, pamoja na ya kifurushi, na kesho yake jioni bonge likawa Mokowe kwa kondakta, limefungwa kwa gazeti, juu ameandika jina langu "Ustadh wa Skafu". Kondakta alilisoma kwa sauti mbele za watu.

Nimefanya alivyosema. Nimeipeleka barazani bila kusema neno nikawaambia wale wale wacheshi wanionyeshe mahali bonge lilipobadilika. Hawa ni watu wa kofia, macho yao yanaona tundu moja lililopotoka katika mia. Watatu walionyesha mahali patatu tofauti na hakuna aliyepata.

Ilipokwisha ilitoka upana kama sentimita 19, urefu 170, na kumbukeni ribu inajivuta ndani, ukipima ikiwa kwenye sindano itakudanganya, itandaze kwanza iachie pumzi. Niliiloweka maji ya baridi, nikaikamua ndani ya taulo, nikailaza juu ya mkeka kivulini siku nzima. Jirani yangu akaja na pasi yake, "nikunyoshee basi", nilimkimbiza. Akriliki na pasi ya moto haviketi nyumba moja, miinuko yote ingelala ikawa kitambaa cha mezani, na ikilala hivo hairudi.

Ripoti ya Limuru baada ya mwezi: joto lipo, wenzake wameuliza kanunua wapi, ila pale mkanda wa begi unaposugua begani imeanza kuota vipele vidogo vidogo vya uzi. Nilimuuliza mama, akasema ndio akriliki ilivyo, akate kwa wembe taratibu asivute. Hakujitetea.

Kwa hivo mkienda: nendeni asubuhi kabla ya adhuhuri au baada ya saa tisa, bebeni kipande cha kazi yenu mkononi mumwonyeshe, sindano kanunueni kwengine kama hana za aluminiamu, na bonge lolote lifinyeni mbele yake mkitafuta fundo, hiyo anaruhusu, fimbo haitumiki. Akisema idadi msimbishie.

Binti sasa anataka kofia ya sufu ya mtindo ule ule na rafiki yake naye anataka skafu, amenitumia hata rangi. Nimepiga simu jana. Mama kasema mzigo mpya unashuka wiki ijayo, nikamwambia aniwekee manane ya loti moja, akauliza una hakika ustadh, nikamwambia weka kumi.